Cheti cha Turia

Kenitra, 14 Septemba 1996

Dada Yamna,

Barua hii isome ukiwa peke yako, na ukimaliza itie motoni. Najua utacheka useme Turia ameanza mambo yake, lakini sina mwingine wa kumwambia. Simu siwezi kupiga. Simu ya karibu iko dukani kwa Bi Hadda, na Bi Hadda akisikia neno asubuhi, mama mkwe wangu analo kabla ya adhuhuri.

Ghita hajambo. Ana miezi saba sasa, anakaa mwenyewe ukimwekea mto nyuma. Mama yake mzazi, msichana wa watu, alimwacha hospitali na kwenda zake, na bibi wa ustawi akatupa sisi tumlee mpaka mambo ya sheria yatengenezwe. Sasa yameanza kutengenezwa. Hakimu wa watoto ametuita. Anataka kutupa karatasi ya kafala, ile ya kumlea kisheria, ambayo ukishaipata hakuna wa kukunyang'anya mtoto. Lakini kila mmoja wetu lazima alete cheti cha tabia njema kutoka mahakama ya alikozaliwa. Bushta kazaliwa hapahapa, cha kwake kakipata upesi. Changu kiko huko Taza.

Unajua kilichoandikwa huko. Bangili ya Lalla Kenza ilipopotea nilikuwa na miaka kumi na saba, mtumishi wa ndani, na mtumishi ndiye anayeanza kushukiwa na ndiye anayemalizia. Miezi mitatu, kifungo cha nje. Nililala nyumbani usiku uleule, lakini jina lilibaki kwenye vitabu vyao. Sikuichukua, Yamna, na wewe ndiye mtu pekee ambaye hajawahi kuniuliza.

Bushta hajui. Nilipoolewa nilimwambia nilikaa kwa Lalla Kenza kujifunza kudarizi. Yeye akamwambia mama yake, na mama yake mpaka leo akipata mgeni humwonyesha mito yangu: tazama mikono iliyofundishwa na watu wakubwa. Nami hukaa pembeni nikimimina chai.

Bibi wa ustawi amesema wazi kwamba mwenye doa hapewi mtoto. Cheti kikija kichafu, Ghita atapelekwa nyumba ya watoto, na mimi nitabaki na mito yangu. Nenda mahakamani, uliza doa kama hili linafutwaje. Nakuomba kwa mgongo wa mama aliyetubeba.

Mdogo wako,
Turia


Taza, 29 Septemba 1996

Turia mdogo wangu,

Barua nimeichoma, ingawa karibu niunguze na kilemba, kwa sababu niliisomea kazini, jikoni kwenye hamamu la kuogea, mbele ya tanuri la maji, na mwenye hamamu akaniuliza nani amekufa. Nikamwambia hakuna aliyekufa, kuna aliyezaliwa.

Sasa nisikilize. Nimekwenda. Ndani sikuingia, nakwambia ukweli. Tangu ile siku tuliyokaa kwenye lile benchi la mbao, mimi na wewe na mama, yule askari akituambia tukae wima, mlango ule nikiuona nageuza njia. Nimesugua migongo ya wake wa nusu ya wakubwa wa mji huu, hakuna anayenitisha akiwa hana nguo. Lakini wakishavaa na kukaa nyuma ya meza, basi.

Nilimwendea Bwana Maati, yule mwandishi wa nje, anayekaa na taipu yake chini ya ukuta wa mahakama. Mtu mzima, ana miwani, ameandikia watu kesi tangu enzi za Wafaransa. Nikamweleza bila kutaja jina, halafu nikalitaja. Akasema hivi: usithubutu kuomba cheti sasa. Ukikiomba kabla hujasafishwa, doa linatoka nalo, na likishatoka limetoka, hakimu wa watoto ataliona kwa macho yake. Kwanza ipelekwe barua ya kuomba kurudishiwa heshima. Ikikubaliwa, ndipo cheti kiombwe. Na mambo huenda haraka, anasema, kama mwenye mali mwenyewe atasamehe kwa maandishi.

Kwa hiyo kuna kazi mbili. Ya kwanza ni wewe kutia sahihi karatasi ninayokuwekea humu na kuirudisha pamoja na nakala ya kitambulisho na ya ndoa. Ya pili ni ya Lalla Kenza, na hiyo ni yangu.

Na wewe mwambie mumeo. Mficha uchi hazai. Samahani, mdogo wangu, methali imenitoka kabla sijaitazama. Lakini mwambie.

Dada yako,
Yamna


Kenitra, 10 Oktoba 1996

Dada Yamna,

Sahihi hiyo, na nakala zote. Nilimwambia Bushta ni karatasi za kuombea cheti, na huo si uongo.

Kwa Lalla Kenza usiende. Nakuomba sana. Yule mama hakusamehe nilipokuwa mtoto ninalia miguuni kwake, atasamehe leo? Na ukienda utamkumbusha. Mtu aliyesahau mwache asahau.

Kumwambia Bushta siwezi, na usinisute. Wewe humjui jinsi anavyosema "mke wangu". Unajua yeye ndiye mwenye tanuri la mtaa. Wanawake wote wanaleta mikate yao kwake, ubao juu ya kichwa au kwapani, na siku hizi Ghita anakaa kwenye kapu karibu na magunia ya unga. Kila anayeingia anamgusa shavu. Bushta akimsikia analia anaacha mikate ya watu anakuja. Juzi Bi Hadda alimtania: we Bushta, mwanamume mzima, umegeuka yaya. Akamjibu kwamba yaya hulipwa, yeye halipwi, kwa hiyo ni baba. Mimi nilikuwa mlangoni, na nilijiambia nitamwambia usiku. Usiku ulipofika nikamtazama amelala na mtoto kifuani nikazima taa. Naogopa, Yamna. Sina neno jingine la kuliita.

Hakimu ametupa tarehe ya Februari, baada ya Idi. Muulize Bwana Maati kama ombi litakuwa limejibiwa. Na uniulizie hilo la kurudishiwa heshima linafanywaje. Nani anayeirudisha, na wanajuaje kama unastahili?

Turia


Taza, 21 Novemba 1996

Turia,

Ombi limeingia, limepigwa muhuri, nimeuona muhuri kwa macho yangu. Bwana Maati aliliandika vizuri hata mimi niliposomewa nilikutamani kama mkwe.

Umeuliza wanajuaje. Anasema ni maswali ya kawaida. Serikali inauliza huku na huko kama mtu anaishi kwa adabu, wanaandika wanatia kwenye faili, basi. Wewe unaishi kwa adabu mpaka unachosha. Una nini cha kuogopa?

Lalla Kenza amezeeka. Meno yamekwisha, ulimi upo. Nilifika mlangoni kwake. Hilo niachie mimi, lisikuumize kichwa, lea mtoto.

Baridi imeshuka hapa, mlimani kuna theluji, na hamamu limejaa. Nimemfumia Ghita soksi. Moja imetoka kubwa kuliko nyingine, lakini miguu yenyewe itakua.

Yamna


Kenitra, 22 Desemba 1996

Yamna,

Ulimfanya nini Lalla Kenza?

Nakueleza mambo yalivyokuwa kama nilivyoyaona, maana nilikuwepo. Ilikuwa saa ya mikate ya mchana. Tanuri limejaa wanawake, kila mmoja na ubao wake, mimi nimekaa na Ghita kwenye magunia. Akaingia mukadamu, mjumbe wa serikali mtaani, Bwana Jilali, yule ambaye bila yeye hupati hata karatasi ya kuonyesha unakaa wapi. Ana faili mkononi. Hakuniona. Akamwita Bushta kutoka shimoni anaposimama mbele ya tanuri, akamuuliza kwa sauti yake ileile ya kutangazia mikutano:

"Huyu Turia binti Haddu anakaa upande huu?"

"Anakaa kwangu," Bushta akasema. "Ni mke wangu."

"Basi vizuri, wewe ndiye unayemjua. Tangu umuoe, kuna mali ya mtu iliyowahi kupotea mikononi mwake?"

Bushta akacheka. Alidhani ni utani. Ndipo mukadamu akafungua faili akasoma kwamba mkewe alihukumiwa kwa wizi, kwamba anaomba kusafishwa jina, na kwamba ripoti ya Taza imeshakuja, imeandikwa kuwa ndugu zake wamekwenda kumchinjia mbuzi mwenye mali mlangoni, na mwenye mali amekataa. Kisha akamuuliza Bushta, kwa upole kabisa, kama anaona mimi ni mtu wa kuaminika.

Mikate ilianza kuungua. Kila mtu alisikia harufu. Bushta alikuwa ananitazama. Siku ile mtaa mzima ulikula mkate mweusi, na kila aliyeutafuna alijua kwa nini.

Alimjibu mukadamu: "Andika kwamba ni mwaminifu." Halafu akarudi shimoni. Mpaka leo hajaniuliza neno. Anakula, anamchezesha Ghita, analala. Mama mkwe ndiye aliyehamisha mkanda wake wa dhahabu kutoka sanduku la nyumba akaufungia chumbani kwake, na ufunguo sasa anauvaa shingoni. Mito yangu ameitoa sebuleni.

Ulisema maswali ya kawaida. Dada, wamekwenda kuwauliza watu ambao hawakujua, na sasa wanajua. Lile doa lilikuwa kwenye kitabu kimoja huko Taza. Sasa liko kwenye kila nyumba ya mtaa huu. Niambie ulichofanya.

Turia


Taza, 5 Januari 1997

Mdogo wangu,

Nilichofanya nilikifanya kama wangefanya bibi zetu, na kama ningejua nisingefanya. Hayo mawili yote ni kweli.

Nilikwenda kwa Lalla Kenza mara ya kwanza na bonge la sukari, lile kubwa la karatasi ya buluu. Mkwe wake, mke wa mwanawe, akalipokea mlangoni, akanirudishia likiwa bado limefungwa. Nikakaa nikafikiri. Kuna jambo moja tu ambalo mtu wa mji huu halikatai. Nikanunua mbuzi, nikamchukua yule mchinjaji wa sokoni, tukaenda alfajiri tukamchinjia kwenye kizingiti chake, damu ikakata mlango mzima. Unajua ada. Akishaivuka ile damu, amelichukua ombi lako, na asipolitimiza aibu inamgeukia yeye. Nikakaa chini ukutani nikamsubiri atoke.

Hakutoka. Turia, mwanamke yule ana miaka themanini au karibu, alipanda ngazi mpaka juu ya paa, wakamvusha kama gunia hadi paa la jirani, akashukia mlango wa jirani. Na kesho yake hivyohivyo. Mpaka mvua iliponyesha ikaosha kizingiti, alikuwa anakwenda msikitini kwa njia ya paa, na mji mzima unatazama. Ningecheka kama si mimi niliyenunua mbuzi.

Watu wa mahakama walipokuja kumuuliza, aliwajibu hivi, mkwe wake aliniambia mwenyewe nikimsugua mgongo: "Mimi nilikuwa na shaka miaka yote. Sasa sina. Asiye na deni hachinji mlangoni kwa mtu."

Basi nimekusemea kwa damu kwamba uliiba. Mimi, ambaye sikuwahi kukuuliza. Nilikuficha nikitumaini mvua itafuta yote. Nisamehe, au usinisamehe, lakini zungumza na mumeo kabla ya tarehe ya hakimu. Asije akasikia swali la pili mbele ya watu.

Yamna


Kenitra, 24 Februari 1997

Shemeji Yamna,

Salamu. Mimi si mwandishi, utanivumilia. Na hatujawahi kuandikiana tangu harusi, kwa hiyo utajua si kwa heri.

Turia hakuzungumza nami. Nilimsubiri. Nilijiambia, sitamuuliza, maana nikimuuliza nitakuwa mukadamu wa pili, atakuja mwenyewe. Nadhani naye alikuwa ananisubiri mimi. Ramadhani yote tulifuturu meza moja, tukapeana tende, tukasema mtoto kafanya hivi, mtoto kafanya vile. Kwa hiyo tulifika mbele ya hakimu kama tulivyokuwa.

Hakimu ni mwanamke, si mtu mbaya. Alikuwa na ripoti ya mtaa. Akaniuliza mimi, si yeye: "Ulijua habari hii ulipomuoa?" Shemeji, nilikuwa nimeapa. Nikasema sikujua. Akaniuliza niliambiwa nini. Nikasema niliambiwa alikuwa anajifunza kudarizi. Watu wa nyuma wakacheka. Hakimu akaandika, akasema ombi la kusafishwa halijajibiwa, na nyumba ambayo mume na mke hawaambiani ukweli haiwezi kupewa mtoto kwa haraka. Mtoto akakae nyumba ya watoto mpaka jambo liishe. Walimchukua palepale, mikononi mwa mke wangu. Mtoto alikuwa amevaa soksi ulizomfumia.

Nataka ujue jambo moja. Wizi haukuniuma. Hata kama aliiba, mtoto wa miaka kumi na saba na bangili ya tajiri, ningefanya nini? Mama yangu mwenyewe alifua nguo za watu. Ningemuoa na utumishi wake. Kilichoniuma ni kwamba aliniona mimi ni mtu wa kuambiwa kudarizi. Hilo linaniuma sana, sikufichi.

Sasa sababu ya barua. Ijumaa ni siku ya kutembelea watoto pale. Turia alikwenda. Hakurudi, na mtoto hayuko. Askari wamekuja nyumbani. Nimewaambia kaenda hamamu, uongo wa kwanza niliowahi kumwambia mwenye kofia. Kama yuko kwako, niambie kabla hawajaniuliza tena.

Bushta


Taza, 3 Machi 1997

Shemeji Bushta,

Hayuko hapa. Mungu amlinde popote alipo.

Barua yako niliisoma mara nyingi, na hapo uliposema alikuona mtu wa kuambiwa kudarizi, nililia. Umesema haki. Lakini nawe ujue alikuwa akikuogopa kwa sababu alikupenda. Adui angemwambia siku ya kwanza.

Nina jambo la kukueleza, na sijui nilianze wapi. Baada ya kupata barua yako nilikwenda mahakamani, safari hii ndani. Nilitaka kuondoa lile ombi letu, nione kama kesi itapoa. Karani kijana akafungua vitabu, akatafuta, akaniuliza: "Ombi la nini, mama?" Nikamwambia la kufuta kifungo cha nje cha miezi mitatu cha mwaka themanini na tatu. Akanitazama kama mtu anayetazama mgonjwa. Akasema kifungo cha nje, mtu akikaa miaka mitano bila kosa jingine, kinakufa chenyewe. Hakuna wa kukifuta kwa sababu hakipo. Angekuja yeyote dirishani akaomba cheti cha Turia, angepewa kikiwa cheupe, na hakuna ambaye angeulizwa kitu, wala Taza wala Kenitra. Ni lile ombi ndilo lililoamsha maswali. Akakiandika palepale, akakipiga muhuri, akanipa. Nimekiweka humu ndani.

Kuuliza si ujinga, wanasema. Mimi niliuliza, ila nilimuuliza mtu wa nje kwa kuogopa mlango. Bwana Maati nilimfuata ukutani nikamwonyesha. Akavua miwani, akasema sheria ni nyingi, mama. Nikamwacha hapo na taipu yake.

Mpelekee hakimu cheti hiki. Labda kitasaidia. Na Turia, ukimwona, usimwambie kwamba kilikuwa cheupe siku zote. Atakufa.

Shemeji yako,
Yamna


Kenitra, 12 Machi 1997

Shemeji,

Kama barua hii itawatangulia askari, mwambie Turia atoke mwenyewe, aende na mtoto mpaka kituoni, aseme amemrudisha. Kama askari ndio waliotangulia, basi unajua tayari.

Nilikipeleka cheti kwa hakimu kama ulivyosema. Nilikuwa na furaha njiani, nilidhani nabeba wokovu. Hakimu akakisoma, akasema kweli ni safi. Halafu afisa wa polisi aliyekuwa pale akauliza kimetoka wapi. Nikasema Taza. Nani alikituma? Shemeji yangu. Akaniuliza: "Na mkeo yuko kwake?"

Ulikuwa umeandika hayuko. Lakini hukuuliza kama mtoto yu mzima. Hukuuliza wamekula nini wala wanalala wapi na baridi hii. Mtu asiyejua angeuliza, Yamna. Niliposoma barua yako nilijua, na nilimshukuru Mungu kwamba wako penye moto. Sasa yule afisa ananitazama, na mimi uongo wangu ulikuwa mmoja tu na nimeshautumia. Nikanyamaza. Kunyamaza kwangu kumemtosha.

Ameniahidi kwamba mtoto akirudi salama, hakutakuwa na makubwa. Nimemwamini kwa kuwa sina la kufanya.

Bushta


Kenitra, 10 Aprili 1997

Yamna,

Niko nyumbani. Ghita wamemrudisha nyumba ya watoto tangu askari walipotutoa kwako. Bushta alinisubiri nje ya mahakama na jalaba yangu, lile joho la sufu, mkononi, tukarudi kwa miguu. Hakuna ugomvi. Ananitilia chai mimi kwanza, namshonea vifungo. Mama mkwe ameondoa nguo zote za mtoto, kitanda chake pia, kwa nia njema nadhani. Wanawake mikate wanaleta kama kawaida, wakinikuta wananisalimia mmoja mmoja kama watu waliokuja matangani.

Najua walikuhoji wewe pia, na mwenye hamamu amekusimamisha kazi. Bushta ameniambia. Nasikitika kwa hilo. Lakini nina hasira nawe na lazima nikwambie, kwa sababu kunyamaza ndiko kulikotufikisha hapa. Nililala kwako, kitanda kimoja nawe, Ghita katikati yetu. Kila usiku nilikwambia kwamba nimekwisha kuwa mwizi tangu zamani, kwa hiyo kumchukua hakuongezi kitu. Nilisema hivyo na wewe ukanishika mkono. Cheti ulikuwa umekiona. Ungeniambia, Yamna, ningerudi naye siku ileile. Nilimchukua kwa sababu nilidhani sina cha kupoteza.

Nilijulia mahakamani. Nimesimama pale kizimbani, karani akaniuliza kama nimewahi kuhukumiwa. Nilikuwa nimechoka kuficha. Nikasema ndiyo, kwa wizi, Taza, nilipokuwa binti. Niliitamka kwa sauti, watu wote wakasikia, na Bushta akasikia kwa mdomo wangu mara ya kwanza. Karani akapekua, akageuza karatasi, akamwambia hakimu: "Hapana, mheshimiwa. Rekodi yake ni safi. Hili ndilo kosa lake la kwanza."

Wakili niliyepewa na mahakama akaruka hapohapo, akasema mheshimiwa, mwanamke wa miaka thelathini, hana doa, anastahili huruma. Na huruma nikapewa. Miezi sita, kifungo cha nje. Wakili alinipa mkono, akasema nina bahati, baada ya miaka mitano litakuwa limekufa kama lile. Nikamuuliza kuhusu kafala. Akasema hapana, hilo ni jambo jingine, kosa likiwa limemhusu mtoto, hakuna hakimu atakayekupa mtoto tena, wa kwako huyo wala mwingine.

La kwanza sikulifanya na likanifuata maisha yangu yote. Hili nimelifanya. Nilimfunga mgongoni, nikamfunika kwa jalaba, nikapita mlangoni nikimsalimia bawabu. Na nakwambia, ningeulizwa tena ningefanya hivyohivyo.

Kabla ya kufunga kesi hakimu aliniuliza kama nina neno. Nilikuwa nimepanga mengi, usiku kucha nimeyapanga, na yote yakanitoka. Nikamuuliza tu kama huko alipo wanamwita Ghita, maana akiitwa vingine hageuki. Hakimu akatazama faili. Akasema kwenye karatasi za serikali mtoto huyo ana jina jingine tangu siku aliyozaliwa, na mimi siruhusiwi kuambiwa ni lipi.

Turia